Mashini Inapumulia Wapi

Beni, 7 oktoba 2002

Yaya Luc,

Kaka yangu, nakusalimu kwa jina la Bwana, na baada ya salamu nalia. Ordinateri yetu, ile kompyuta ya michezo, imekufa macho. Juma lililopita, vijana wa kwaya wakiwa katikati ya mechi, ekran ilianza kuchora mistari ya rangi rangi, kama kitenge kilichofuliwa vibaya. Wakaipigapiga mgongo, ikarudi. Jumamosi mistari ikaja tena. Leo nimeiwasha, na ekran ni nyeusi tii. Mashini inanguruma, taa yake ya kijani inawaka, lakini picha hapana.

Wewe ndiye uliyeifunga kipande kwa kipande ukaniletea ukisema, "Mudogo wangu, hii itazeeka pamoja nawe." Basi mwenzangu amefanya haraka.

Unajua kwa nini nahangaika, si kwa ajili ya mpira tu. Vijana wakiwa chumbani mwangu tangu saa nane hadi jioni, hawako barabarani wakati lori la kuchukua wapiganaji linapopita. Watu wanaokimbia vita vya upande wa Mambasa wameanza kufika hapa, wengine wamelala makanisani mpaka Mbau, na mji mzima unaongea kwa sauti ya chini. Kwangu ndipo mahali pekee palipobaki pa kupigia kelele.

Wala usiniambie sikuitunza. Kila jioni naifuta vumbi na kuivalisha vizuri kuliko mtoto wa jirani.

Barua hii inaletwa na Sikuli, shofere wa camion, lile lori la maharagi. Mpe chakula, njia imeharibika sana.

Mudogo wako,
Hulda


Butembo, 10 oktoba 2002

Mudogo wangu Hulda,

Kutibu mashini kwa barua ni kama kumpima mtu homa ukiwa ng'ambo ya mlima. Lakini tujaribu, kwa sababu fundi mwingine huko kwenu namjua: ataifungua kwa kisu cha nyanya.

Nadhani ni karte ya picha. Hicho ni kisahani cha kijani, kikubwa kama kiganja chako, kilichochomekwa ndani juu ya karte mama, yaani ile kubwa inayobeba zote. Kila unachokiona kwenye ekran, ni yeye anayekichora. Na michezo ndiyo kazi nzito kuliko zote. Kuandika barua hakumchoshi, bali mpira unamtoa jasho.

Nijibu mambo matatu. Ukiiwasha, ventilateri, ile feni ya mgongoni, inazunguka? Pili, inalia vipi? Ordinateri nzima inalia mara moja, kifupi, kama kifaranga. Ikilia kirefu kimoja halafu vifupi viwili, ni karte ya picha inalalamika. Tatu, inapumulia wapi? Kuna kitu juu yake, au pembeni, au nyuma ya mgongo?

Shofere wako amefika. Alikula sahani mbili, akacheka na mimi, na Keren mke wangu, na hata na mbuzi. Mtu anayecheka na kila mtu mimi simwamini upesi. Halafu Keren alipokuwa akikufungia sombe ya majani ya muhogo, jamaa akasema, "Mama, usitie pilipili, Hulda haiwezi." Shofere wa maharagi anajuaje habari za pilipili yako?

Yaya wako,
Luc


Beni, 14 oktoba 2002

Yaya,

Ventilateri inazunguka. Nilizima redio, nikawaambia vijana wanyamaze, nikasikiliza: kilio kirefu kimoja, vifupi viwili. Juu yake hakuna kitu, iko peke yake mezani, safi kabisa, hata panya hawezi kuisingizia.

Habari za pilipili watu wote wa Beni wanazijua. Wewe tafuta karte.

Hulda


Butembo, 26 oktoba 2002

Hulda,

Nimepata! Gérard, yule mfanyabiashara anayekwenda Kampala, alikuwa na ordinateri iliyopasuka ubavu njiani, lakini tumbo lake zima. Ndani mlikuwa na pacha wa karte yako, kiwanda kimoja, umbo moja. Hiyo ni bahati kubwa. Karte ngeni ingebidi ifundishwe kwa mashini kwanza, ila hii mashini itadhani ni yule yule ameamka.

Kwamba ni karte iliyokufa nina hakika, kama ninavyojua jina langu. Kilio kirefu kimoja, vifupi viwili: hakuna maana nyingine. Ukishaichomeka utasikia kifupi kimoja tu, na hapo ujue njia imefunguka.

Nimeivalisha soksi mpya ya Keren na kuitia katikati ya gunia la maharagi ya Musienene, maana barabara hii inavunja hata mayai yaliyo tumboni mwa kuku. Maharagi yanapakata vizuri kuliko mikono ya watu. Sikuli anayo barua hii mfukoni. Gunia liko na alama ya uzi mwekundu. Maelezo ya kuifunga nimeyaandika nyuma ya karatasi.

Nimemwuliza Sikuli tena juu ya pilipili. Alicheka.

Luc


Beni, 29 oktoba 2002

Yaya,

Wamemkamata Sikuli.

Joyeuse, mama muuza maharagi aliyekuwa juu ya camion yake, ndiye aliyenijulisha, na ndiye anayekuletea barua hii. Jana walipofika bariere, kizuizi cha kuingilia mji, askari, hao basoda, walikuwa wakichoma magunia kwa fimbo ya chuma, wakitafuta risasi. Kwenye gunia lako fimbo ikagonga kitu. Wakalimwaga lote barabarani. Ikatoka soksi, na ndani ya soksi kisahani cha kijani chenye meno ya dhahabu.

"Iko nini hii?"

"Ni kitu ya ordinateri, chef. Ya muchezo ya mupira."

"Muchezo gani inafichwaga mu maharagi? Hii njo kitu ya phonie!"

Unajua phonie za raia zimekatazwa hapa, kwa kuwa wanasema kuna watu wanaoita adui kwa redio. Wakampapasa Sikuli, wakakuta barua yako. Mmoja akaisoma kwa sauti: kilio kirefu kimoja, vifupi viwili, njia imefunguka. Yaya, Joyeuse anasema hapo watu wote bariere walirudi nyuma. Hata yeye, aliyesafiri naye siku nzima, alisogea kando.

Leo nimekwenda kambini. Komanda ana sauti ya upole, na ndiyo iliyonitisha. Aliniwekea karte mezani, akaniuliza kama naijua. Nikasema ni ya kwangu, ni ya kuchora picha. Akauliza, "Na huyu Luc ni nani? Iko wapi?" Nikasema ni fundi, yuko mbali. Akauliza tena, na tena. Ndipo nikasema bila kufikiri: "Komanda, nitaleta mashini yangu hapa. Nitatia hii karte mbele ya macho yenu. Mutaona mupira."

Akatazama wenzake. "Muzuri. Siku ya posho. Picha ikitoka, bwana yako anatoka. Picha isipotoka, tutamupeleka kwa front ya vita pamoja na bengine, akatuonyeshe benye anasemaga nabo."

Waliopelekwa hivyo hatujawaona tena.

Unaona alivyosema, bwana yako? Sikumsahihisha. Sikuli na mimi tunapendana tangu Pasaka. Alitaka kuja kwako mara moja na wazee wake, kuniposa. Mimi ndiye niliyemwambia angoje hadi baada ya Noeli, kwamba yaya yangu hupima kila mtu kwa chombo cha volti kabla ya kumkaribisha. Nampenda, Luc. Nikilala naona fimbo ile ya chuma.

Usije huku. Jina lako liko chini ya ile barua. Karte iko kwao, barua iko kwao, maelezo ya nyuma sikuyasoma hata neno. Niandikie tena namna ya kuifunga, lakini pasipo vilio, pasipo hesabu, pasipo neno lolote linalofanana na siri. Siku ya posho ni tarehe 2 novemba.

Hulda


Butembo, 30 oktoba 2002

Mudogo wangu,

Joyeuse amesimama mlangoni, hataki hata kuketi. Keren anamfungia chakula. Naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Nilikuandikia kwamba nina hakika. Hakika gani hiyo? Sikuiona mashini, niliisikiliza kupitia sikio lako. Inaweza kuwa karte kweli. Inaweza pia kuwa karte mama imeungua pamoja nayo, na hapo hata ukichomeka mpya itabaki nyeusi. Na fimbo ya chuma iligusa wapi? Kabla ya kufanya lolote igeuze uitazame. Ukiona mkwaruzo umekata vile vijistari vyembamba vya shaba, usiseme kitu, endelea tu na kuomba. Na mimi ndiye niliyeificha kwenye maharagi! Ningeliiacha wazi juu ya kiti, wangeliitazama wakapiga miayo.

Sasa sikiliza. Kwanza chomoa waya wa umeme kabisa. Shika chuma cha mwili wa mashini kwa mkono mtupu. Kuna umeme mdogo mwilini mwa mtu ambao haumuumizi mwenyewe lakini unaua karte. Sweta lako la sufu liache nyumbani. Laza mashini ubavu, fungua visi, zile skrubu za nyuma, na upande mmoja utatoka kama mlango wa kabati. Ndani utaona kisahani kimesimama, kile kinachopokea waya wa ekran. Huyo ndiye marehemu. Toa visi yake. Chini, upande wa mkia wake, huenda kuna ulimi mdogo wa plastiki. Ubonyeze, kisha mvute juu, pande zote sawasawa. Usimtingishe kama jino.

Mpya inaingia pale pale. Meno ya dhahabu usiyaguse kwa vidole. Iweke wima, halafu sukuma kwa vidole gumba. Itakataa. Sukuma tena, na utaogopa kwamba umevunja kitu. Utasikia ka! Bila hiyo ka! haijaingia, hata macho yako yakikuambia imeingia. Halafu visi, halafu waya wa ekran, halafu umeme.

Unaye marehemu nyumbani. Fanya mazoezi naye.

Na nakuuliza tena, maana ulinijibu kwa mzaha: mashini inapumulia wapi? Karte haifi bure. Kuna kitu kiliiua, na kama bado kipo kitaua na hii.

Kabla ya kukuandikia nilitoka mpaka njiani na begi langu la turnevisi, za kufungulia visi, nikitaka kuja. Keren alinishika mkono akasema, "Wakikushika wewe, picha itatoka kwa nani?" Nikarudi. Naona aibu hata kukuandikia hivyo.

Ningalijua habari za Sikuli, ningalimpa sahani ya tatu.

Luc

Choma karatasi hii ukishaikariri.


Kambini, 31/10

Hulda,

Nakuandikia ku karatasi ya bisikwi, Joyeuse ataibeba mu kitunga ya maharagi. Miye niko muzima. Mukono ya kuume njo imevimba, juu ya kamba yenye balinifunga nayo. Banauliza kila saa: "Kirefu moja, bifupi mbili, maana yake nini?" Nabaambia ni mashini inalia. Banacheka. Na miye nacheka, halafu banakasirika. Siku hizi nimeacha kucheka, ile njo inaniuma kuliko mukono.

Nasikia utakuya na mashini. Hulda, picha ikikataa, usibishane nabo. Funga mashini yako, enda nyumbani, usiangalie nyuma. Ambia yaya yako hapana kosa yake. Maharagi yalikuwa mazuri.

Sikuli


Beni, 1 novemba 2002

Yaya,

Mistari michache tu, camion ya mwisho inaondoka.

Nimemtoa marehemu na kumrudisha mpaka vidole gumba vimechubuka. Ka! sasa naijua, naweza kuitambua hata kanisani. Kisha nikaifunga mashini, nikaivalisha, nikapiga magoti. Nilitaka kuomba maneno mazuri na yaliyotoka ni "tafadhali" tu, tena na tena.

Sijakula. Nikitazama sahani namwona Sikuli asiyecheka.

Hulda


Beni, 3 novemba 2002

Yaya Luc,

Yuko hai, yuko nje, amelala kwa mama yake. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari. Sasa soma taratibu.

Jana tuliipeleka mashini kwa tshukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Vijana watatu wa kwaya walisukuma, na kufika bariere ya kambi wakarudishwa, nikabaki peke yangu na basoda wawili waliobeba. Mezani kwa Komanda palikuwa na karte, soksi ya Keren, na barua yako imefunguliwa. Wakamleta Sikuli, wakamketisha chini ukutani. Hakuniangalia. Nami nilijua nikimwangalia nitasahau visi.

Nikaigeuza karte kama ulivyosema. Kulikuwa na mkwaruzo. Nikaufuata kwa macho, nikitafuta shaba. Lakini ulikuwa pembeni, kwenye kijani kitupu, kwa upana wa ukucha tu kutoka kwenye shaba. Nikashika chuma. Nikafungua. Askari mmoja akainama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio. "Na hii? Na hii?" Nikamjibu kila kipande kwa jina kana kwamba namfundisha katekisimu. Marehemu alitoka vizuri. Mpya ikakataa. Nikasukuma. Ikakataa. Nikasema moyoni, Luc alisema utaogopa, basi hapa ndipo pa kuogopea, sukuma. Ka!

Komanda akashtuka, mkono ukaenda kwenye bastola. Kisha akaona aibu akaangalia dirishani.

Nikafunga ubavu, nikaunganisha waya, nikaivalisha kama kawaida, nikawasha. Kifupi kimoja, kama kifaranga. Picha! Anga la buluu lile tunalolijua la mashini ikiamka, halafu mpira, majani ya kijani, watu wadogo wanakimbia. Basoda wakapiga kelele kama vijana wangu. Nikadhani yamekwisha. Nikamwangalia Sikuli na yeye akaniangalia.

Lakini Komanda akavuta kiti. "Nionyeshe namna ya kupiga." Akacheza. Akafungwa mabao. Akacheza tena. Alikuwa anacheza mechi ya tatu au ya nne, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na miguu imekufa ganzi, ndipo mstari mmoja ukapita kwenye ekran. Kisha mwingine. Kisha rangi zikaanza kuchanganyika, nyekundu na zambarau, na watu wadogo wakakatika viuno.

Askari wa pembeni akapaza sauti: "Komanda! Inatuma alama! Angalia, inaita benyewe!"

Komanda akasimama. Akawaonyesha Sikuli kwa kidole. Wawili wakamwinua Sikuli kwa ule mkono uliovimba, na nikasikia sauti aliyoitoa.

Hapo ndipo nilipokusikia, Luc, kana kwamba uko chumbani na lile swali lako linalokera: mashini inapumulia wapi? Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa moto kama mgongo wa sufuria. Na kiganja changu hakikuwa juu ya chuma. Kilikuwa juu ya kitambaa.

Yaya, unakijua kile kitambaa. Hukijui, sikukuambia. Nilikifuma kwa sufu nene tangu Januari, cheupe chenye maua ya kijani, kinashuka mbele, pembeni na mgongoni mpaka mezani, kama sketi. Mama alifunika redio, tantine Maliro, shangazi yetu, hufunika televisheni, nani anaacha kitu cha thamani uchi? Uliponiuliza kama kuna kitu juu yake nikasema hapana, na sikusema uongo. Mtu akikuuliza una nini kichwani, utasema nywele? Nimekuwa nikiiziba pumzi kila siku kwa upendo, na nikaiziba tena mbele ya bunduki.

Nikakivuta chote kwa mara moja. Nikafungua ubavu mashini ikiwa inanguruma, nikatoa kitabu cha nyimbo mkobani, nikaanza kupepea. "Iko na joto tu!" nikapiga kelele. "Komanda, haiiti mutu, inakosa hewa! Ungoje!" Wakangoja. Sijui kwa nini. Labda hawajawahi kuona mama anapepea chuma kwa nyimbo za Mungu. Mstari mmoja ukatoweka. Nikapepea. Mwingine. Mkono ukaniuma, nikabadilisha, nikapepea. Na polepole, yaya, majani yakarudi kuwa ya kijani, na watu wadogo wakaungana viuno, na mpira ulikuwa bado katikati unamsubiri Komanda.

Akaketi. Akamaliza mechi. Akashinda, Mungu ni mwema. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Mumufungue."

Lakini mashini imebaki kwao. Alisema hivi: "Hii tutaendelea kuichunguza. Inabaki hapa. Siku yenye itakufa, tutajua mulitudanganya." Nikatoka na Sikuli upande mmoja na kitambaa upande mwingine.

Sikuli anasema, kati ya vyote nilivyobeba siku ile, kilichotaka kumwua ni kitambaa tu. Ameanza kucheka tena, kidogo.

Hulda


Butembo, 6 novemba 2002

Mudogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, Keren akisoma begani mwangu na kunikanyaga. Alilia. Mimi nilikwenda uani kuangalia mbuzi.

Sikukasirika kwa kitambaa. Ningekuuliza vizuri: imevaa nini? Mimi mwenyewe nimekulia chini ya redio iliyofunikwa. Kosa ni letu sote, nusu langu, nusu la sufu.

Lakini silali. Komanda amesema siku itakayokufa. Karte ile imekwisha kuchomwa mara moja na joto, na wale watu hawajui kuiangalia. Kila camion inayofunga breki mbele ya nyumba yangu, mimi nasimama. Jana ilikuwa ya mkaa. Leo asubuhi samaki wa Kyavinyonge. Keren anasema nitachakaa magoti.

Mwambie Sikuli aje wakati wowote, na wazee au bila wazee. Chombo cha volti nimekiweka kabatini.

Luc


Beni, 12 novemba 2002

Yaya Luc,

Joyeuse anaondoka kabla ya kucha na barua hii, sisi tutamfuata. Soma haraka, halafu fanya ninachokuambia.

Jana asubuhi jeep ya kambi ilisimama kwangu. Wakasema tu, "Fundi, Komanda anakuita." Nilipanda nikijua Sikuli yuko kwa mama yake, na kwamba wanajua njia. Ndani, ekran ilikuwa nyeusi. Komanda amesimama mikono nyuma. Na mashini, yaya, ilikuwa imevaa koti la mvua. Koti lake mwenyewe, la kijeshi, vifungo vyote vimefungwa. Paa la bureau, ofisi yake, linavuja, na alitaka kuilinda. Alikuwa ameifunga vizuri kuliko mimi.

Nilitaka kucheka na kulia. Nikaivua, nikafungua ubavu, nikapepea, nikangoja ipoe, nikawasha. Ilikubali, lakini haikukubali haraka, na kwenye kona ya ekran kuna mstari mmoja ambao haukuondoka. Wewe utajua maana yake. Nami nimejua.

Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Itakufa?"

Nikamwambia, "Komanda, inahitaji ventilateri ya pili. Haipatikane hapa. Iko Butembo. Unipe karatasi ya njia, na shofere."

"Shofere gani?"

"Ule mwenye mulimushika. Anajua njia."

Akafikiri. Kisha akatia sahihi na muhuri, watu wawili, kwenda na kurudi. Nilimwonyesha mara mbili, na askari wake wote wakiwepo: isifunikwe, hata kwa koti, hata kwa gazeti. Wakaitika. Yaya, wewe unaamini askari ataacha kitu cha Komanda kinyeshewe? Mvua ya kwanza ikinyesha watakivalisha, na karte itakufa, na watakuja.

Anga la leo ni safi. Upande wa Ruwenzori kuna wingu, liko mbali bado.

Kwa hiyo hatutalala kwako. Funga turnevisi zako, mwambie Keren achukue nguo na sufuria, twende sote mpaka Musienene kwa tantine Maliro, tukae huko mpaka vita vichoke. Kwa mbuzi wa mahari na harusi tutaongea njiani. Sikuli ana mengi ya kusema na mkono mmoja wa kusemea na kushika usukani, gia nitamtilia mimi. Ule mwingine nimemfungia shingoni kwa kitambaa. Kwa kazi hiyo sufu ni nzuri sana.

Ukisikia camion inafunga breki mbele ya nyumba, simama, yaya. Safari hii ni sisi.

Hulda